Karatasi ya Mzee Yohane

Kwembizi, kijiji kilichong'ang'ania mlima kati ya Lushoto na Mlola, hakuna aliyewahi kumshinda Efrazia kwa maneno, na waliojaribu walijuta. Alikuwa mwanamke mfupi, kifua kipana, na sauti yake ilivuka bonde ikamkuta mtu upande wa pili ameinamia viazi vyake. Akisema jambo, amesema. Mchungaji alimwogopa kidogo, katibu wa TANU alimwogopa zaidi, na mumewe Nathanaeli, mtu mpole asiyependa mabishano, alikwisha kumzoea kama watu wanavyozoea kuishi karibu na maporomoko ya maji.

Nimeamua kumsimulia kwa sababu wanaomtaja siku hizi humwita yule mama aliyepotelewa na mtoto, wakatikisa vichwa, wakaishia hapo. Ni kweli alipotelewa. Yohane, mwanawe wa kwanza, aliondoka akiwa na miaka kumi na sita na mpaka leo hajaonekana. Alikokwenda hakuna ajuaye, na sitawadanganya kwamba atarudi kabla sijamaliza kusimulia. Lakini Efrazia si mtu wa kutikisiwa kichwa. Angewasikia, wangekoma.

Jambo moja lazima mlijue tangu mwanzo, nalo ni Kiswahili chake. Hakukisoma popote. Alikiokota sokoni Mlola na kanisani, akakisema mbio mbio bila woga, na pale neno lilipokosekana alichukua la Kishambaa akalivika nguo za Kiswahili, akasonga mbele. Wenzake wakienda ofisini walinyamaza wakisubiri mkalimani. Yeye alitangulia mbele na kugonga meza. Alijiona anakijua barabara, na kijijini hakukuwa na mtu wa kumwambia vinginevyo, maana wote walikijua kidogo kuliko yeye.

Jambo la pili ni jina. Yohane alikuwa amepewa jina la baba yake Efrazia, marehemu Yohane Shekiondo, jina zima na la ukoo likafuata. Kwetu mama mwenye mtoto wa namna hiyo hamwiti kwa jina, atamwitaje baba yake kwa jina? Humwita tate, yaani baba, tangu akiwa mgongoni. Tate njoo unyonye, tate acha kumpiga mwenzio. Hakuna anayecheka. Efrazia hakumwita kijana yule kwa neno lingine tangu azaliwe.

Basi, mwaka 1968, mwezi wa saba, wakati ukungu unakaa mpaka saa sita mchana, ilikuwa Alhamisi ya soko. Nathanaeli alimtuma Yohane apeleke maharage Mlola. Kijana alisema amechoka, angekwenda wiki ijayo. Baba yake akasema maharage hayangoji. Yohane hakubisha. Alivaa koti la marehemu babu yake, koti zito la jeshi lililomfika magotini, akajitwika mzigo akaenda. Maharage aliyauza. Mwanaidi, mama aliyeyanunua, alisema kijana alikuwa mchangamfu, alimsalimu shikamoo vizuri, akaondoka kwa njia ya nyumbani. Nyumbani hakufika.

Nathanaeli na wanaume wa kijiji waliingia msituni, wakapekua kila korongo kwa siku tatu. Siku ya nne Efrazia alisema hawa wanaume watazunguka milima mpaka Krismasi, akajifunga khanga ya pili kiunoni akaenda polisi. Alikwenda peke yake. Alisema ana mdomo, hahitaji mtu wa kumsemea.

Askari aliyemkuta mezani alikuwa kijana wa kutoka kandokando ya Ziwa Victoria, hana hata mwaka katika milima hii, na adabu tele. Akamkaribisha kiti, akamwuliza kuna nini.

"Baba amepotea," Efrazia akasema.

"Baba yako, mama?"

"Baba yangu. Yohane Shekiondo."

Askari akaandika. Akauliza umri. Efrazia hakuwahi kumhesabia mtu miaka, wala hakuona maana yake, akajibu alivyojibu kila mtu wa rika lake, kwamba alizaliwa mwaka wa njaa. Alimaanisha njaa ya juzi juzi tu, ile ya baada ya vita. Lakini njaa aliyoijua askari yule ni moja, aliyosimuliwa na bibi yake, ya zamani za Mjerumani. Akapiga hesabu, akaandika yote mawili, mwaka wa njaa na namba ya miaka. Alivaa nini? Koti la jeshi, kubwa, la zamani. Hilo nalo likaandikwa. Mwisho askari akamwambia asiwe na hofu, mzee wetu atapatikana. Efrazia aliposikia "mzee wetu" moyo ulimtulia kabisa. Aliona kijana huyu kalelewa, anamheshimu tate wa watu. Akarudi nyumbani akawaambia wote jinsi serikali ilivyompokea.

Aliambiwa kwamba karatasi zitabandikwa chini kwenye barabara kubwa, Mombo na Mazinde, maana anayetoka mlimani lazima apite huko. Jumamosi yake alishuka Mazinde kuziona kwa macho yake. Karatasi ilikuwa dukani kwa Rajabu, ndani, karibu na mizani. Rajabu alikuwa Mshambaa mwenzake, mtu wa swala tano, aliyeshuka bondeni miaka mingi nyuma. Efrazia hakujua kusoma, akamwomba amsomee, na Rajabu kwa huruma yake akamsomea kwa Kishambaa.

Hapo ndipo palipoharibika kabisa, jamani, na wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Karatasi ilisema mzee Yohane Shekiondo. Rajabu angewezaje kumtaja baba wa mtu kavu kavu mbele ya bintiye? Akasema amepotea tate Yohane Shekiondo, aliyezaliwa mwaka wa njaa, amevaa koti la jeshi. Ile namba ya miaka aliiruka, aliona haina kazi kwa mama wa mlimani. Efrazia alisikia maneno yale yale yaliyotoka kinywani mwake, hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa. Akauliza, je, tate hujamwona akipita? Rajabu akasema, kweli tupu, kwamba anaitazama barabara kutwa na hajamwona. Alikuwa ameletewa karatasi mbili, akampa moja. Efrazia akaikunja, akaenda nayo nyumbani, akaiweka ndani ya Biblia, akalala usingizi wa mtu aliyetembea siku mbili.

Asubuhi Nathanaeli hakuwepo. Alirudi siku ya tatu, miguu imevimba, akasema Yohane ameonekana Mazinde, Alhamisi iliyopita, amepanda lori.

Efrazia alimtazama. Mazinde alikuwa yeye, kwa miguu yake, na aliuliza kwa mdomo wake, akajibiwa. Akamwuliza mumewe ni nani aliyemwona. Nathanaeli akasema watu. Watu gani? Nathanaeli akanyamaza, na Efrazia akajua anadanganya. Akajua pia kwa nini. Yeye ndiye aliyemtuma kijana asiyetaka kwenda, sasa anajitafutia uongo wa kumpoza moyo.

Hilo alilisema, na alipolisema mara moja hakuliacha. Alilisema jikoni, akalisema kisimani, akalisema kwenye ngazi za kanisa watu wakitoka ibadani. Mwanamume huyu alimtuma tate akafe, kisha ananiletea hadithi za malori. Miaka minne. Kila mwaka, baada ya mavuno, Nathanaeli alifunga kikapu akashuka kwenda Same, au Korogwe, au Muheza, akauliza kwenye masoko na kwenye mashamba ya mkonge, akarudi mikono mitupu, na Efrazia akawaambia majirani kwamba dhambi inamtembeza. Nathanaeli hakujibu hata siku moja. Watoto wadogo wakakua wakijua kwamba baba alifanya jambo. Na yeye Efrazia aliendelea kumtafuta kwa njia yake. Kila mgeni aliyefika kijijini alihojiwa, kila barua iliyofika kwa mtu alitaka kujua inasema nini. Hasira ilimpa nguvu, na hakuikana.

Mwaka 1972 kisomo cha watu wazima kikafika Kwembizi. Darasa lilikuwa ndani ya kanisa, alasiri mara tatu kwa juma, na mwalimu alikuwa Jenoveva, binti aliyemaliza darasa la saba juzi, anayetetemeka chaki mkononi akiwaona mama zake wamekaa kwenye mabenchi. Efrazia alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Nathanaeli alimkataza kitu. Alisema macho yake yamechoka. Alisema shamba litabaki peke yake. Alisema kisomo ni cha vijana. Efrazia alicheka mpaka akakaa chini. Mwanamume aliyesoma madarasa manne ya misheni anaogopa mkewe asome! Akaenda, na alipita mbele yake makusudi akiwa na daftari kichwani.

Alisumbua darasa zima. Alitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba herufi ile isomwe hivyo na si vingine, akambishia Jenoveva mpaka binti wa watu akatokwa machozi, kisha akamletea ndizi na kumwambia asiogope, anafundisha vizuri. Baada ya miezi tisa alikuwa anasoma. Si haraka, lakini anasoma, na nambari mpaka mia.

Siku moja Jenoveva aliwaambia kila mmoja alete kitu chochote chenye maandishi kutoka nyumbani, asome mbele ya wenzake. Wengine walileta khanga, mmoja akaleta mfuko wa mbolea, mwingine kadi ya chama. Efrazia alileta karatasi ya polisi. Alitaka wote wasikie kwamba serikali ilimwandikia, na alitaka Yohane wake atajwe kanisani. Akasimama wima, akaanza.

"Ta-nga-zo. A-me-po-te-a m-ze-e..."

Akasita. Akarudia neno lile. Akaendelea polepole, kidole kikitembea, jina likapita salama, akafika kwenye umri. Miaka sitini. Akahesabu kimoyomoyo, sita na sifuri, akahesabu tena.

"Mwalimu, hii ni sitini?"

Jenoveva akaja akatazama. "Ndiyo, mama. Ni mzee wa miaka sitini. Alikuwa baba yako?"

Efrazia alikaa. Hakuwa mtu wa kueleweshwa jambo mara mbili. Alijisikia mwenyewe amesimama mbele ya meza ile, sauti juu, anasema baba amepotea. Baba yangu. Alimwona askari anaandika. Aliona karatasi imebandikwa, na barabara nzima inamtafuta babu mwenye koti, na kijana mwenye koti anapita katikati yao. Aibu ilimpanda mwili mzima ikiwa ya moto, na nyuma ya aibu kulikuwa na hofu, kwamba ni yeye, kwa mdomo wake huu huu anaojivunia, aliyempoteza mwanawe. Aliikunja karatasi, akamwomba mwalimu ruhusa, akatoka.

Kesho yake alishuka Mazinde. Hakumwambia mumewe. Njiani alitengeneza maneno, akayarudia kama mtu anayejifunza wimbo, na alipomkuta Rajabu dukani, ndevu zimeanza mvi, akamsalimu kisha akayasema kwa Kiswahili, moja baada ya jingine, ili yasigeuke.

"Mwaka ule nilikuja hapa kumtafuta mtoto. Si baba aliyenizaa. Mwanangu niliyemzaa mimi, kijana wa miaka kumi na sita, mwenye koti kubwa la jeshi."

Rajabu aliweka chini kopo alilokuwa anapimia sukari. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomtisha Efrazia. Alimvutia kiti, akamwambia kwamba kijana yule alimwona. Alifika Alhamisi, siku moja baada ya karatasi kubandikwa na siku mbili kabla ya Efrazia. Alikaa barazani, akanywa chai, akala maandazi mawili, akamsaidia kusukuma gunia la chumvi ndani ya mlango. Koti Rajabu aliliona, lakini yeye alikuwa anamngoja mzee. Baadaye lori likasimama, kijana akapanda nyuma na wapagazi. Lilielekea Same au Korogwe, hakumbuki, na Mungu anajua amejaribu kukumbuka.

"Lakini haya yote nilimwambia mumeo," Rajabu akasema. "Alikuja Jumanne iliyofuata, baada yako. Aliisoma karatasi, akaniuliza vizuri, nikamwambia. Alikwisha kwenda polisi kuwaambia waiandike upya, wakamwahidi, sijui iliishia wapi. Alikaa pale ulipokaa, akalia. Kisha akaniomba nisikwambie kamwe wewe jinsi neno lilivyokosewa."

Efrazia aliuliza kwa nini, ingawa alikuwa ameanza kujua.

"Alisema ukijua ni neno lako, hutasimama tena."

Kupanda kutoka Mazinde ni kazi kwa mtu yeyote, na Efrazia alipanda na miaka minne mgongoni. Aliyakumbuka yote aliyoyasema, na kwa bahati mbaya alikuwa na kumbukumbu nzuri. Alikumbuka la kisimani. Alikumbuka la siku ya Pasaka mbele ya mchungaji. Alikumbuka daftari kichwani, na uso wa Nathanaeli alipokuwa anapitiwa. Mwanamume yule aliisoma karatasi usiku ule akiwa yeye amelala, akaondoka kabla ya mapambazuko, akafanya yote yanayoweza kufanywa, akaleta habari ya kweli nyumbani, akaitwa mwongo, naye akakubali kuwa mwongo. Efrazia alilia njia nzima na hakujificha. Waliopishana naye walimpa pole wakidhani ametoka msibani.

Nathanaeli alikuwa shambani, anapalilia. Alimwona anakuja, akamwona alivyo, akaweka jembe chini.

"Ulijua," Efrazia akasema.

"Nilijua."

"Ukaniacha nikutukane miaka minne."

Nathanaeli alifikiri kidogo, kama kawaida yake. "Mimi nilimtuma kweli," akasema. "Hilo ungelisema hata bila karatasi. Nikaona mmoja wetu atosha."

Efrazia alitafuta la kusema akalikosa, na nadhani hiyo ni mara pekee. Akakaa pale pale juu ya majani yaliyopaliliwa. Nathanaeli akakaa kando yake, wakakaa mpaka ukungu ukawafunika.

Lakini Efrazia ni Efrazia. Jumapili yake, baada ya matangazo ya kanisa, alisimama bila kuruhusiwa na kusema ana lake. Alieleza yote, tangu mezani kwa askari mpaka dukani kwa Rajabu, kwa Kishambaa ili pasiwe na asiyeelewa. Alisema yote aliyoyasema juu ya mumewe alikosea, na aliyasema kwa sauti, kwa hiyo anayafuta kwa sauti. Mtu mmoja nyuma alianza kunong'ona. Efrazia akamtaja jina, akamwuliza kama ana swali. Hakuwa nalo.

Jioni ile walikaa mezani wawili, taa katikati, daftari la kisomo limefunguliwa. Efrazia alikataa Nathanaeli aandike. Alisema neno la kwanza lilitoka kwake na la pili litatoka kwake. Akaandika kwa herufi kubwa, ulimi nje: Ninamtafuta mwanangu Yohane Shekiondo. Ni kijana. Aliondoka nyumbani Kwembizi mwaka 1968 akiwa na miaka kumi na sita. Sasa ana miaka ishirini. Mama yake na baba yake wapo. Aliandika nakala kumi kwa mkono, moja ya Rajabu, nyingine za Mombo, Same, Korogwe, Muheza, kokote lori linakoweza kufika. Jenoveva alikuwa amewaambia kwamba tangazo zuri hutaja na kimo cha mtu.

Nathanaeli aliinuka akaenda mlangoni, akaweka kiganja kwenye mwimo, usawa wa kidevu chake. Akasema Yohane aliishia hapa.

"Hapo ni pa siku ile," Efrazia akasema. "Alikuwa bado anakua."

Nathanaeli akapandisha mkono mpaka usawa wa paji la uso. Efrazia akasema juu zaidi, wajomba zake wote ni warefu. Mkono ukapanda ukapita kichwa cha Nathanaeli, akabaki ameunyoosha, anautazama, kana kwamba mtu amesimama chini yake. Macho yakamjaa.

"Nikikutana naye njiani sitamjua," akasema.

"Yeye atakujua wewe." Efrazia alikuwa amekwisha kuinuka, anatafuta kamba ya kupimia. "Usishushe mkono. Nakuja."